Soka ya kushambulia: maana yake, na jinsi ya kumsoma kocha mpya kabla ligi haijakolea

Soka ya kushambulia ni mpango wa timu nzima wa kuupeleka mpira kwenye lango la wapinzani mara kwa mara, kwa watu wengi, hata kama kufanya hivyo kunaacha nafasi nyuma. Sehemu hiyo ya mwisho ndiyo yenye uzito. Kila timu hushambulia. Hata ile inayorundika watu kumi mbele ya kipa wake hupata kona mbili tatu. Kocha huitwa wa kushambulia kwa sababu ya kile anachokubali kukihatarisha ili bao lipatikane.

Kila Agosti, ligi ya Uingereza inapofunguliwa, kumbi za kutazama mpira hapa Nairobi, kuanzia Kayole hadi Kawangware, hujaa ifikapo saa kumi na moja jioni ya Jumamosi, na kocha mpya wa timu yoyote kubwa huwa ameshahukumiwa kufikia wiki ya tatu. Ama ni fundi, ama ni wa kurudisha mpira nyuma. Kuna wanaosema shabiki anyamaze hadi Krismasi ndipo atoe maoni. Siwaungi mkono. Mtindo wa kocha huonekana mapema, pengine mapema kuliko jambo lingine lolote analolifanya, kwa sababu ndio anaoufundisha kila siku mazoezini. Shida ni kwamba sisi huutafuta kwenye ubao wa mabao, na mwanzoni mwa msimu ubao huo haujui mengi.

Mtindo wenyewe una sehemu tatu. Ya kwanza ni mahali wachezaji wanaposimama timu ikiwa na mpira: mabeki wa pembeni wamepanda hadi wapi, mabeki wa kati wako umbali gani na mstari wa kati ya uwanja, ni wangapi wanaingia kwenye eneo la hatari krosi inapokuja. Ya pili ni njia ya kufika mbele. Wapo makocha wanaotaka pasi fupi fupi hadi mlango ufunguke, wapo wanaotaka mpira utoke kwa kipa hadi kwa winga kwa pasi tatu, na wapo wanaotaka kuunyang'anya mpira karibu na lango la wapinzani ili safari yenyewe iwe fupi. Zote ni soka ya kushambulia. Kumiliki mpira kwa asilimia 70 si ushahidi wa lolote ikiwa pasi nyingi zinazunguka kati ya mabeki wawili na kipa.

Sehemu ya tatu husahaulika kabisa katika ubishi wetu, nayo ni kinachotokea sekunde tano baada ya mpira kupotea. Timu inayopeleka watu sita mbele lazima iwe na jibu la swali hilo. Aliye karibu anakimbilia mpira papo hapo? Wale wanne waliobaki nyuma wamejipanga kuzima kaunta, yaani shambulio la haraka la wapinzani, au wametawanyika kila mmoja na lake? Kocha asiye na jibu hapo anaongeza tu idadi ya watu walio mbele, na timu za ligi ya Uingereza hazihitaji hata mwezi mmoja kugundua hilo.

Sasa tuje kwenye mabao, na kwa nini hupotosha. Mwaka 2017 Crystal Palace ilimwajiri Frank de Boer, Mholanzi aliyekuja kuibadilisha timu iliyozoea kulinda na kushambulia kwa kushtukiza. Alipoteza mechi nne za kwanza za ligi bila timu yake kufunga hata bao moja, akafutwa. Mechi ya nne ilikuwa ugenini kwa Burnley. Chris Wood alifunga mapema kabisa baada ya pasi mbovu ya kurudi nyuma, kisha Palace ikawa na mpira na kupiga mashuti mengi kuliko wenyeji hadi mwisho. Roy Hodgson akaja, naye akapoteza mechi tatu zilizofuata za ligi bila bao. Mechi saba, mabao sufuri, makocha wawili wenye fikra tofauti kabisa. Oktoba timu ileile iliifunga Chelsea 2-1, na ikamaliza msimu katika nafasi ya 11.

Ukitazama mabao peke yake, unaambiwa De Boer na Hodgson ni kitu kimoja. Ukitazama mashuti dhidi ya Burnley, unaweza kudhani De Boer alikuwa akishambulia sana, na hapo pia uwe mwangalifu: timu iliyofungwa dakika za mwanzo huachiwa mpira na mwenyeji anayelinda ushindi wake. Mashuti mengi yaliyofuata yalizaliwa na hali ya mchezo kiasi kilekile yalivyozaliwa na kocha.

Ndiyo sababu siku hizi kwenye runinga huonyeshwa tarakimu ya mabao yanayotarajiwa, ile inayoandikwa xG. Maana yake si ngumu. Maelfu ya mashuti ya zamani yamehesabiwa, na kila shuti jipya hulinganishwa na yaliyopigwa katika mazingira kama yake: umbali, pembe, mguu au kichwa, aina ya pasi iliyolitangulia. Penalti hupewa karibu 0.8, kwa kuwa penalti kumi huzaa mabao manane hivi. Mkwaju wa mita 30 hupewa chini ya 0.05. Jumlisha mashuti yote ya timu, unapata makisio ya mabao ambayo nafasi zile kwa kawaida huzaa. BBC ilianza kuionyesha tarakimu hii katika kipindi chake cha mabao mwaka 2017, na tangu hapo imesambaa hadi kwenye simu za watu wanaobashiri mechi ndani ya matatu.

Kwa mechi tatu za mwanzo, tarakimu hii husema zaidi kuliko mabao. Lakini ina pengo linalowagusa makocha wa kushambulia hasa: huhesabu mashuti tu. Krosi inayopita mbele ya lango wazi, mshambuliaji akaikosa kwa kidole, haihesabiwi kitu. Winga aliyempita beki mara nane na kupasia nyuma kidogo mara nane hapati alama yoyote. Kwa hiyo jicho bado lina kazi.

Mfano ninaoupenda kuliko yote wa kocha aliyesomwa haraka ni Ange Postecoglou wa Tottenham. Alianza msimu wa 2023/24 kwa kushinda mechi nane na kutoka sare mbili katika kumi za kwanza za ligi. Pointi 26. Hakuna kocha mpya katika Ligi Kuu ya Uingereza aliyewahi kuanza vizuri hivyo. Mabeki wake wa pembeni, Pedro Porro na Destiny Udogie, hawakukimbia ukingoni kama tulivyozoea. Waliingia katikati wakawa viungo. Mstari wa mabeki wa kati ulikaa karibu na katikati ya uwanja, na nyuma yao kulikuwa na kipa Guglielmo Vicario na nyasi tupu.

Kisha ikaja Jumatatu ya Novemba 6, saa tano usiku za hapa kwetu, dhidi ya Chelsea. Tottenham walitangulia kufunga. Cristian Romero akaonyeshwa kadi nyekundu, Udogie naye baadaye, beki wa kati Micky van de Ven na kiungo James Maddison wakaumia. Wakiwa tisa, Postecoglou aliuacha mstari wake palepale katikati ya uwanja. Chelsea ilishinda 4-1, Nicolas Jackson akifunga matatu, mengine yakija dakika za nyongeza wakati Tottenham bado walikuwa wakitafuta la kusawazisha.

Wapo waliomwita shujaa na wapo waliomwita mkaidi, lakini kwa anayetaka kujua mtindo wa mtu, usiku ule ulitosha. Kocha alionyesha kitu ambacho hatakiacha hata akibaki na watu tisa. Aliyetazama mstari wa mabeki badala ya jedwali la ligi alikuwa amekiona tangu Agosti, na angeweza kujiuliza mapema nini kitatokea van de Ven, mwenye mbio za kufidia nafasi ile yote, akikosekana. Msimu uliofuata ulijibu. Tottenham ilifunga mabao 64 katika ligi, idadi ya kuheshimika, na ikamaliza ya 17 kwa sababu ilifungwa 65. Mei 2025 ikatwaa Ligi ya Europa kwa kuishinda Manchester United 1-0 mjini Bilbao, katika fainali ambayo sehemu kubwa ya kipindi cha pili ilikuwa ya kulinda tu. Kombe la kwanza la klabu hiyo tangu 2008 lililetwa na kocha wa kushambulia kwa mechi ya kujilinda, na wiki chache baadaye akafutwa.

Upande wa pili yuko Pep Guardiola. Mwaka 2016 alishinda mechi zake kumi za kwanza akiwa Manchester City, kisha mambo yakalegea, akamaliza wa tatu bila kombe. Hapa Nairobi kuna waliosema mtindo wake haufai Uingereza. Mtindo ulikuwa sahihi. Waliokosekana ni watu wa kuutekeleza. Mabeki wake wanne wa pembeni, Zabaleta, Sagna, Clichy na Kolarov, wote walikuwa wametimiza miaka 30 kufikia msimu huo, na kazi aliyowapa ilikuwa ya mapafu. Mwaka uliofuata alinunua Kyle Walker, Danilo na Benjamin Mendy, na kipa Ederson, akafikisha pointi 100 na mabao 106. Kwa hiyo kabla ya kusema kocha ameshindwa kushambulia, tazama ana nani pembeni, na kumbuka kwamba mwezi wa Agosti dirisha la usajili huwa bado liko wazi.

Anayetazama kwenye skrini ana kikwazo kimoja: kamera hufuata mpira, ilhali mtindo uko kwa wale wasio na mpira. Zipo nyakati chache ambapo picha hufunguka. Kipa wa wapinzani anapotaka kuanzisha mpira, tazama timu yake imebanwa hadi wapi. Krosi inapopigwa, hesabu jezi ndani ya eneo la hatari kabla hujamtazama mpiga kichwa. Watatu au wanne ni kocha mwenye nia, mmoja peke yake ni habari nyingine. Marudio yanayopigwa kutoka nyuma ya lango yana faida kuliko yale ya karibu. Na timu ikiongoza 1-0 dakika ya 70, angalia anayeingia ni nani na anatoka nani. Anayemtoa winga akaingiza kiungo mkabaji kila wiki amekueleza imani yake bila mkutano na waandishi wa habari. Sisemi ni kosa. Ninasema ndiyo imani yake.

Anayekwenda uwanjani, Nyayo au Kasarani, ana bahati zaidi, kwani huona uwanja mzima. Na hapa nyumbani tunaye wa kumsoma. Benni McCarthy alipotangazwa kocha wa Harambee Stars, timu ya taifa ya Kenya, Machi 2025, wengi tulitarajia mabao kwa sababu ya historia yake: mfungaji bora wa timu ya taifa ya Afrika Kusini kwa mabao 31, na mshindi wa Ligi ya Mabingwa akiwa na Porto mwaka 2004. Mechi ya kwanza, ya kufuzu Kombe la Dunia, ilikuwa sare ya 3-3 na Gambia, Kenya ikitoka nyuma. Siku chache baadaye tukafungwa 2-1 na Gabon pale Nyayo. Kulingana na mechi hizo mbili, tulikuwa na kocha wa mlango wazi pande zote.

Agosti ikaja CHAN, mashindano ya Afrika ya wachezaji wa ligi za nyumbani, na picha ikageuka. Tuliifunga DR Congo 1-0, tukatoka 1-1 na Angola, tukaishinda Morocco 1-0, kisha Zambia 1-0, na robo fainali tukatoka 1-1 na Madagascar kabla ya kutolewa kwa matuta. Bao moja kila mechi, mechi tano mfululizo. Mtu angeapa kwamba McCarthy ni kocha wa kulinda. Septemba, mechi za kufuzu ziliporejea na wachezaji wa ng'ambo kurudi, Gambia ikatufunga 3-1 Kasarani, na siku chache baadaye tukaichapa Ushelisheli 5-0.

Hakuna hata moja ya namba hizo inayoweza kusimama peke yake. Vikosi vilikuwa viwili tofauti. Ushelisheli ilikuwa mkiani mwa kundi. Dhidi ya Morocco tulicheza kipindi chote cha pili tukiwa kumi, baada ya Chrispine Erambo kutolewa kwa kadi nyekundu, na timu yenye watu kumi inayoongoza 1-0 mbele ya timu ambayo wakati huo ilikuwa bingwa mara mbili wa mashindano hayo italinda hata ikifundishwa na nani. Dakika zenye ushahidi ni zile ambazo matokeo ni sare na kila upande una watu kumi na mmoja, maana hapo hakuna kinachomlazimisha kocha isipokuwa fikra zake. Mimi ningezichambua hizo peke yake kutoka kila mechi, nizitenganishe na dakika za kuongoza na za kuwa nyuma, ndipo niulize mabeki wetu wa pembeni walikuwa wamesimama wapi.