Ati bosi wa afya ya watoto lazima awe daktari?

Nafasi ya mkurugenzi wa hospitali ya watoto ikitangazwa tu utasikia "wampe daktari bingwa, yeye ndo anajua watoto". Anajua kuwatibu, sawa, ila kumtibu mtoto aliye mbele yako na kuhakikisha dawa haikatiki stoo ni kazi mbili tofauti kabisa.

Cheki UNICEF, shirika la Umoja wa Mataifa la watoto. Ilianzishwa 1946 na katika wakurugenzi watendaji wake wote hakuna daktari hata mmoja. James Grant, aliyeiongoza 1980 mpaka 1995, alisomea sheria, na ndo huyo aliyezipigia debe chanjo, ORS (ile poda ya chumvi na sukari ya kuchanganya na maji), kunyonyesha na kupima ukuaji wa mtoto mpaka viongozi wakachoka kumsikia. Jamaa alikuwa anatembea na pakti ya ORS mfukoni, akikutana na rais wa nchi anaichomoa, hii hapa inaokoa mtoto anayeharisha na bei yake ni senti tu. Mwaka 1985 El Salvador, kule Amerika ya Kati, iko vitani, akabembeleza mpaka serikali na waasi wakakubali kusimamisha mapigano siku tatu ili watoto wachanjwe. Sasa hiyo unaisomea kozi gani ya udaktari? Sisemi udaktari ni hasara jamani, bosi asiye daktari anahitaji daktari pembeni anayeweza kumwambia hapana, na akiambiwa asinune.

Hili lingine ndo linaniudhi kabisa, eti aliyeendesha hospitali ya watu wazima, ya watoto haimshindi, mtoto si mtu mzima mdogo tu? Thubutu! Dozi ya mtoto inapigwa kwa kilo, ukikosea nukta umempa mara kumi. Kile kipimo cha oksijeni cha kubana kidoleni, ukimbana kichanga kwa cha mkubwa kinachezacheza tu na namba inayotoka huwezi kuiamini. Nesi analaumiwa, kumbe oda ilisainiwa juu huko na mtu aliyeona "vipimo 20" akajua yamekwisha. Afu mtoto halazwi peke yake, kila kitanda kina mama yake, na mama akikosa pa kuoga na pa kulaza ubavu siku tatu mfululizo usishangae akiomba aruhusiwe kabla mtoto hajapona.

Wanaodhani kazi ni majengo nao wapo. Mwaka 1990 duniani walikufa watoto zaidi ya milioni 12 kabla ya kufika miaka 5, 2022 wakawa kama milioni 4.9, na sehemu kubwa ya kazi ya kupunguza vifo hivyo ilifanywa na chanjo, vyandarua, maji safi na lishe, mambo ambayo huwezi kuyakatia utepe.

Na ile ya ripoti nzuri basi wodi iko poa, hapana kwa kweli. Bosi ashuke mwenyewe saa nane usiku, afungue droo, ahesabu zile kanula (sindano za kuwekea dripu) za njano za vichanga zimebaki ngapi.