Je, wajua ni nini kilichoyaangusha magugu maji ya Ziwa Victoria, na kwa nini yalirudi?

Novemba 1998, picha za setilaiti zilionyesha kwamba magugu maji yalikuwa yamefunika takriban hekta 17,000 za Ghuba ya Winam, upande wa Kenya wa Ziwa Victoria. Meli zilikwama bandarini Kisumu. Upande wa Uganda, Port Bell nayo ilizibwa, na pale Jinja wahudumu wa bwawa la Owen Falls walihangaika na marundo ya mimea iliyosukumwa na maji kuelekea kwenye mitambo ya umeme. Wavuvi walitega nyavu jioni, na asubuhi hawakuweza hata kuzifikia. Kisha, katika muda usiozidi miaka miwili, sehemu kubwa ya magugu hayo ikatoweka.

Yalikwenda wapi? Swali hili liliwagawa wanasayansi kwa miaka kadhaa. Naliona kuwa moja ya maswali muhimu kuliko yote kuhusu ziwa letu, kwa sababu jibu lake ndilo linaloeleza pia kwa nini magugu yalirudi kwa kishindo mwishoni mwa 2006.

Tuanze na mmea wenyewe. Gugu maji asili yake ni bonde la Amazon, Amerika Kusini. Kwa miaka mingi wataalamu waliliita Eichhornia crassipes. Siku hizi limerudishiwa jina la Pontederia crassipes. Ua lake ni la zambarau hafifu, na petali ya juu ina doa la manjano lililozungukwa na buluu. Uzuri huo ndio uliolisafirisha duniani: watu walilichukua kupamba vidimbwi vya bustani, likawatoroka. Misri lilifika mwishoni mwa karne ya 19. Tanzania lilionekana katika mto Sigi mwaka 1955 na mto Pangani mwaka 1959. Mto Kongo ulivamiwa katika miaka ya 1950. Ziwa Kyoga likafuata mwaka 1988, na mwaka uliofuata likaonekana Ziwa Victoria, ambako mto Kagera umekuwa ukiliongezea mimea mipya kutoka Rwanda na Burundi.

Kinachotisha ni kasi yake ya kuzaana. Mche mmoja hutoa vikonyo vinavyotambaa juu ya maji, na ncha ya kila kikonyo huota mche mwingine wenye majani na mizizi yake. Kikonyo kikikatika, mtoto anaanza maisha yake. Penye joto na chakula cha kutosha, idadi ya mimea huweza kuongezeka maradufu kwa wiki mbili hivi. Anza na mche mmoja, na baada ya wiki 26 una miche 8,192. Endelea hadi mwaka utimie, utapita milioni 67, ilimradi nafasi na chakula vipo.

Uzazi huu usiohitaji mbegu umeacha alama yake kwenye vinasaba. Spencer Barrett, mtaalamu wa mimea wa Chuo Kikuu cha Toronto, pamoja na wenzake walilinganisha vinasaba vya magugu maji kutoka mabara mbalimbali, na matokeo yao yakachapishwa mwaka 2010. Huko kwao Amerika Kusini walikuta aina nyingi. Kwingineko, Afrika ikiwemo, walikuta kloni moja ikitawala karibu kila mahali. Kwa maneno mengine, sehemu kubwa ya magugu yanayosumbua dunia ni mmea mmoja uliojirudia mara mabilioni.

Usidhani, hata hivyo, kwamba mbegu hazipo. Zipo kwa maelfu. Zinazama kwenye tope na huweza kukaa humo miaka 20 hivi zikiwa bado hai. Nitazirudia.

Mwanzoni serikali za Kenya, Uganda na Tanzania zilitegemea nguvu za mikono, kisha mashine za kuvuna na kukatakata. Hesabu iliwashinda. Hekta moja ya tabaka lililosongamana huweza kuwa na uzito wa tani 300 na zaidi, na zaidi ya sehemu 9 kati ya 10 za uzito huo ni maji. Ukivuna, unabeba maji. Ukikatakata na kuacha vipande ziwani, vinaoza, vinamaliza oksijeni, na vile vyenye jicho la kuchipua vinaota tena.

Ndipo wakaletwa mbawakavu. Ni wadudu wawili wa jamii ya fukusi, Neochetina eichhorniae na Neochetina bruchi, kila mmoja mwenye urefu wa milimita 4 hadi 5, rangi ya kahawia au kijivu. Nao wametoka Amerika Kusini, ambako wamekuwa wakilila gugu hili tangu enzi. Marekani iliwaachia Florida mwaka 1972 na 1974 baada ya kuwapima dhidi ya mazao na mimea mingine. Kipimo hicho ndicho kinachojibu hofu ya kila mkulima anayeuliza kama hawatahamia kwenye migomba na mahindi: mdudu huyu hawezi kukamilisha maisha yake bila gugu maji. Uganda ilipata mbegu ya kwanza ya wadudu hao mwaka 1993 kutoka kituo cha utafiti wa kilimo cha IITA kilichoko Benin. Timu ya mtafiti wa Uganda James Ogwang iliwazalisha katika kituo cha utafiti cha Namulonge. Wakenya waliwafuga Kibos, nje kidogo ya Kisumu, na Watanzania Kibaha. Wakaachiwa Ziwa Victoria kuanzia 1995 upande wa Uganda, na 1997 Kenya na Tanzania.

Kazi yao unaweza kuiona kwa macho yako ukilitazama jani kwa makini. Mdudu mzima hutoka usiku na kukwangua ngozi ya jani, akiacha alama ndogo za mstatili, rangi ya kahawia, zenye upana wa milimita chache. Jani lililoshambuliwa sana huwa na mamia ya alama hizo, nazo zinalikausha kuanzia ncha. Lakini madhara makubwa hayako juu. Pasua kikonyo cha jani, kile kilichovimba na kujaa vyumba vya hewa kama sifongo, ambacho ndicho kinachouelesha mmea. Ukibahatika utamkuta lava, yaani mtoto wa mbawakavu, mweupe asiye na miguu, kichwa chake cha rangi ya chungwa, akichimba kuteremka kuelekea kwenye moyo wa mmea, mahali majani mapya yanapochipukia. Nyuma yake ameacha handaki jeusi lililooza, kwa sababu kuvu na bakteria wameingia kupitia jeraha lake, na maji yamefuata. Vyumba vya hewa vikishajaa maji, mmea unaanza kuzama.

Lava akikomaa hushuka hadi kwenye mizizi, chini ya maji, na kujitengenezea kifuko kwa nyuzinyuzi za mizizi hiyo hai. Humo ndimo anamogeuka pupa, hatua ya kutulia kabla ya kuwa mdudu mzima. Tangu yai hadi mdudu mzima ni takriban miezi mitatu au minne. Linganisha na wiki mbili za gugu, uone ni kwa nini ilichukua miaka kadhaa kabla ya matokeo kuonekana.

Sasa turudi kwenye ubishi. Mvua za El Nino za mwaka 1997 na 1998 ziliinua kina cha Ziwa Victoria kwa takriban mita 1.7. Mawimbi yalirarua matabaka ya magugu, upepo ukayatawanya, na mawingu mazito yakapunguza mwanga. Mwaka 2005 Robert Hecky, mmoja wa watafiti wanaolifahamu sana ziwa hili, pamoja na wenzake, walihoji kwamba huenda hali hiyo ya hewa ndiyo iliyoyaangusha magugu, na kwamba mbawakavu wamepewa sifa kupita kiasi. Miaka miwili baadaye likaja jibu kutoka kwa kundi la watafiti lililokuwa na wataalamu kutoka nchi zote tatu za ziwa, Ogwang akiwa mmoja wao. Hoja yao: magugu yaliporomoka kwa mpangilio uleule ulioonekana kwingine duniani ambako mbawakavu waliachiwa bila kuwepo El Nino yoyote. Wadudu huongezeka polepole kwa miaka michache, mimea inadumaa, majani yanakuwa mafupi, kisha tabaka zima linaporomoka ndani ya msimu mmoja.

Mimi nawaunga mkono hao wa pili, ila sioni sababu ya kuitupa hoja ya kwanza. Mmea wenye afya hupigwa na mawimbi ukaendelea kuishi. Mmea uliotobolewa na kujaa maji, wimbi linaumaliza. Mdudu aliudhoofisha, dhoruba ikaumalizia.

Kwa nini basi yalirudi? Sababu ya kwanza iko kwenye ushindi wenyewe. Magugu yalipozama, mbawakavu walipoteza chakula na makazi, na pupa walizama pamoja na mizizi waliyojishikiza. Mbegu, zenyewe, zilibaki salama kwenye tope. Mwishoni mwa 2006 mvua kubwa zilinyesha, mito ikafurika, na kufikia 2007 Ghuba ya Winam ilikuwa kijani tena, wakati idadi ya wadudu bado ilikuwa chini. Jambo hilohilo hutokea tunapovuna magugu kwa mashine bila mpango: tunavuna pia mayai, lava na pupa. Ndiyo maana wataalamu wa udhibiti wa kibayolojia husisitiza kuwa baadhi ya maeneo yaachwe bila kuguswa, wadudu wapate pa kuzaliana.

Sababu ya pili ni nzito zaidi, na ndiyo inayoniuma. Gugu maji halili udongo. Linakula nitrojeni na fosforasi zilizoyeyuka majini. Ni hodari sana kwa kazi hiyo, hata katika miaka ya 1970 Bill Wolverton wa NASA, shirika la anga la Marekani, alilitumia huko Mississippi kusafisha majitaka, kwani mizizi yake hufyonza virutubisho pamoja na madini mazito. Mito ya Nyando, Sondu-Miriu, Yala na Nzoia inamimina ziwani mbolea na udongo uliomomonyoka kutoka mashambani, na miji inaongezea majitaka. Ghuba ya Winam ina kina kifupi na inaungana na ziwa kuu kupitia mlango mwembamba karibu na kisiwa cha Rusinga, kwa hiyo kinachoingia hukawia kutoka. Upepo wa mchana unaovuma kutoka ziwani nao unayasukuma magugu kuelekea Kisumu.

Penye chakula kingi namna hiyo, mmea hutoa majani mapya haraka kuliko wadudu wanavyoweza kuyaharibu. Mbawakavu hao hao wanaoshinda kwenye maji yenye virutubisho vichache wanazidiwa kwenye maji machafu.

Anayeumia ni mwananchi wa kando ya ziwa. Chini ya tabaka nene oksijeni hupungua. Sangara na sato huondoka, wakabaki kambare na kamongo wanaoweza kuvuta hewa juu ya maji. Konokono wanaobeba kichocho hupata pa kujishikiza katikati ya mizizi. Wapo wanaosuka vikapu na samani kwa vikonyo vilivyokaushwa, na wanaozalisha gesi ya kupikia. Nawaheshimu kwa dhati, maana wamepata riziki kutokana na balaa. Lakini hakuna soko la vikapu linaloweza kumaliza mamilioni ya tani.

Afrika Kusini imetupa mfano wa kuutazama. Bwawa la Hartbeespoort, karibu na Pretoria, hupokea majitaka mengi, na mbawakavu peke yao hawakulimudu gugu la huko. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Rhodes wakaongeza mdudu mwingine mdogo anayefyonza utomvu, Megamelus scutellaris, wakimzalisha kwa wingi na kumwachia mara kwa mara kila gugu lilipoanza kuchipua baada ya baridi. Magugu yaliyokuwa yamefunika zaidi ya theluthi ya bwawa yakapungua hadi sehemu ndogo tu. Lakini majitaka hayakukoma, na nafasi iliyoachwa ikajazwa na gugu lingine linaloelea, la jamii ya salvinia. Mwanzoni mwa 2025, upande wa Mwanza, vivuko vya Kigongo na Busisi vilikwamishwa na magugu, na yaliyotajwa safari hiyo yalikuwa ya jamii hiyohiyo ya salvinia.