Ukimkuta mtoto wa pongo kwenye majani, usimbebe

Kila mvua zikikolea huku Rungwe simu zinaanza kuingia kwetu tunaolea wanyama waliokosa mama, mtu alikuwa anapalilia mahindi au anachuma chai kakuta mtoto wa pongo, yule mnyama wa jamii ya swala, kajikunja kwenye majani, katulia tuli, basi kamfunga kwenye kitenge mpaka nyumbani eti mama yake kamtupa. Jamani, hajatupwa. Pongo anamficha mwanae makusudi, anaenda kula huko halafu anarudi kumnyonyesha, tena hadi kinyesi cha mtoto anakila ili chui asinuse harufu. Ukimkuta hivyo mwite mbwa wako uondoke kimyakimya, mama atarudi.

Ukiona mama kafia kwenye mtego hapohapo, hapo ndo umtafute afisa wanyamapori wa wilaya, usianze kumfuga mwenyewe, manake kwa sheria ya wanyamapori ya Tanzania ya mwaka 2009 wanyamapori ni mali ya umma na Rais ndo mdhamini.

Sasa yule ambaye kweli hana mama akiletwa kwetu tunamlea, na kazi iko hapo. Kuna jike mmoja tuliletewa, mchana kutwa aligoma chupa, mbavu zinatetemeka kwa jinsi moyo ulivyokuwa unamwenda mbio. Watu wanadhani ukimshikashika na kumbembeleza ndo anatulia, hapana, wanyama hawa wakikimbizwa na kukamatwa kwa nguvu misuli inaharibika ndani, anaweza kufa siku mbili baadaye na hana hata mchubuko. Nikaziba dirisha kwa gunia, nikatandika nyasi kavu, nikakaa chini nimempa ubavu, simwangalii usoni kabisa kwa sababu kwake anayemkazia macho anataka kumla. Sweta lilelile, saa zilezile, mtu mmoja tu. Usiku nikaona masikio yamegeukia kwangu, akanyoosha shingo akanusa vidole vilivyokuwa na maziwa ya mbuzi, akarudi nyuma. Sikumfuata. Akaja tena akalamba, nikaingiza chuchu taratibu.

Kila akimaliza kunyonya unampangusa chini ya mkia kwa kitambaa chenye maji ya uvuguvugu, mama yake angemlamba pale, bila hivyo choo hakitoki. Kwa maoni yangu kitambaa kile ndo kilichomfanya aniamini kuliko hata maziwa, baada ya siku chache akawa anainua mkia mwenyewe akiniona.

Lakini aniamini mimi tu. Watoto wa jirani hapana, mbwa hapana, kupiga naye picha hapana. Dume aliyezoea watu ndo hatari zaidi, pembe zikishaota anakuchoma wewe mwenyewe uliyemlea kwa sababu hakuogopi, na wa kike anajipeleka mwenyewe kwa mwenye mtego. Kwa hiyo alipoanza kutafuna majani nikapunguza chupa, nikaacha na kumsemesha.

Asubuhi moja ya ukungu mgeni akakohoa pale getini, yule jike wangu akabweka, pongo wanabweka kama mbwa, akajitosa kichakani hata mkia sikuuona. Nilifurahi sana siku ile.