Sadaka haiishii kwenye kikapu

Ibada ikiisha, katika sharika nyingi za Kilutheri hapa Tanzania watu hawatawanyiki mara moja. Wanakusanyika nje penye mnada: mkungu wa ndizi, mahindi kwenye ndoo, jogoo aliyefungwa miguu kwa kamba ya mgomba. Mzee wa kanisa ananyanyua mfuko wenye mayai manne. "Elfu mbili hapa! Nani anaongeza?" Mayai hayo kayaleta bibi ambaye hakuwa na noti ya kutia kwenye bahasha, naye amesimama pembeni kajitanda khanga, anatazama chini.

Kwa nini atazame chini? Kwa sababu tumejazwa dhana kwamba sadaka yenyewe ni fedha, na vya shambani ni vya kujalizia. Torati haisemi hivyo. Walawi sura ya 5 inamtaka mwenye kosa alete kondoo au mbuzi jike. Asiyeweza, hua wawili au makinda mawili ya njiwa. Asiyeweza hata hao, sehemu ya kumi ya efa ya unga, yapata lita mbili. Mwenye mbuzi na mwenye unga wote wanaambiwa neno lilelile: kuhani atafanya upatanisho kwa ajili yake. Na Luka anaeleza kwamba Mariamu na Yusufu walipompeleka mtoto Yesu hekaluni, sadaka iliyotolewa ilikuwa ile ya ndege wawili, iliyoruhusiwa kwa asiyemudu mwanakondoo. Bibi, inua uso.

Dhana inayoniuma zaidi ni kwamba ukishatoa kanisani umemaliza. Katika Marko 7 Yesu anakemea desturi ya mtu kutamka "Korbani", yaani mali hii imewekwa wakfu kwa Mungu, ili wazazi wake wasipate msaada wowote kutoka humo. Leo hatulitamki neno hilo, lakini tumemwona mtu akisimama mbele kuahidi mifuko ishirini ya saruji, vigelegele vikapigwa, huku mama yake kijijini anameza nusu ya dozi ya dawa ya presha ili zifike mwisho wa mwezi. Sisemi tusichangie ujenzi. Nasema dawa ile nayo ni sadaka, tena ilipaswa kutangulia.

Nadhani kosa linaanzia kwenye picha tuliyo nayo ya madhabahu. Tunadhani kila kilicholetwa kiliteketea, moshi ukapanda, basi. Sadaka ya kuteketezwa ndiyo iliyokuwa hivyo. Sadaka ya amani ilikuwa na mambo mengine: mafuta ya mnyama yaliteketezwa, kidari na paja la kulia wakapewa makuhani, na nyama iliyobaki ikaliwa na mtoaji pamoja na watu wake. Ikiwa ni ya shukrani, ilipaswa kuliwa siku ileile, isilale hadi asubuhi. Ng'ombe mzima kwa siku moja! Utamaliza vipi bila kuita watu? Kutoka madhabahuni kulikuwa na njia ya kwenda mezani. Kwa hiyo Paulo, anapowasihi Warumi katika sura ya 12 waitoe miili yao iwe dhabihu iliyo hai, anasema na watu wanaopika, wanaouza, wanaolea. Mama wa gengeni anayepanga fungu la nyanya bila kuficha zilizooza chini, anatoa. Anayempelekea jirani mgonjwa uji wa moto, Waebrania 13:16 inakiita kitendo chake sadaka, waziwazi.

Na hii dhana ya "panda mbegu uvune mara mia", kwamba ukimtolea Mungu fedha atakurudishia maradufu? Zaburi ya 50 inatosha: kila mnyama wa mwituni ni wa Mungu, na hata angeona njaa asingetuambia. Hafanyiwi biashara kwa mali yake mwenyewe.

Imebaki dhana moja, kwamba toleo nono hufunika ugomvi. Mathayo 5 inaamuru kinyume chake: ukikumbuka ndugu yako ana neno juu yako, iache sadaka mbele ya madhabahu, kapatane naye kwanza. Yesu aliyasema hayo Galilaya, na madhabahu ilikuwa Yerusalemu, zaidi ya kilomita 100. Yaani mwache mnyama wako palepale, urudi kwa miguu siku kadhaa, mpatane, ndipo upande tena Yerusalemu kutoa. Wengi wetu, tuliyegombana naye anakaa nyumba ya tatu, na Jumapili yuko benchi la nyuma yetu.