Ahadi kwa Kichwa, Bajeti kwa Fungu

Nimefanya kazi na vitabu vya hesabu vya shule za sekondari za kutwa kwa miaka mingi, kwanza nikiwa mhasibu, sasa nikishauri bodi za shule. Swali ambalo wazazi wa Kenya huniuliza kila mara ni hili: serikali ilisema inalipa, mbona shule bado inatuitisha pesa?

Ahadi yenyewe ina tarakimu. Mwaka 2008 karo ya masomo ilipoondolewa kwenye sekondari za kutwa, kila mwanafunzi alitengewa shilingi 10,265 kwa mwaka. Tangu 2018 ni 22,244. Walimu walioajiriwa na TSC, tume ya serikali inayoajiri walimu, hawalipwi kutoka humo. Humo hutoka chaki, vifaa vya maabara, umeme, maji, ukarabati, mlinzi, karani, na mwalimu wa ziada ambaye bodi imemwajiri kwa sababu walioletwa hawatoshi.

Julai 2025 Waziri wa Fedha, John Mbadi, aliwaambia wabunge kwamba Hazina Kuu haiwezi kufikisha 22,244, na kwamba kiasi kinachotoka ni karibu 16,900. Wengi walishtuka. Sisi tunaosoma taarifa za benki za shule tulikuwa tumeshaliona pengo hilo. Chukua shule yenye wanafunzi 400: kila mmoja anapungukiwa shilingi 5,344, na shule nzima 2,137,600 kwa mwaka.

Zimekwenda wapi? Katika kugawanya. Ahadi ilitolewa kwa kichwa, lakini bajeti huandikwa kwa fungu. Bunge hupitisha kiasi kimoja cha sekondari zote, kisha kiasi hicho hugawiwa wanafunzi waliosajiliwa. Serikali hiyohiyo iliagiza kila mtoto anayemaliza msingi aendelee na sekondari, agizo ninaloliunga mkono kwa moyo wote. Watoto wakaongezeka, fungu lisiongezeke kwa kasi ileile.

Halafu kuna kalenda, ambayo haizungumzwi vya kutosha. Shule hufungua mwaka Januari; mwaka wa fedha wa serikali huanza Julai. Mgao umepangwa asilimia 50 muhula wa kwanza, 30 wa pili, 20 wa tatu. Kwa hiyo nusu nzima inatakiwa Januari, serikali ikiwa imeshatumia miezi sita ya bajeti yake. Na muhula wa tatu, wenye sehemu ndogo kuliko yote, ndio wenye KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari.

Mwaka mmoja nilikuwa ofisini kwa mwalimu mkuu wiki chache kabla ya mtihani wa vitendo wa kemia. Orodha ya kemikali ilikuwa mezani. Akaunti ya masomo haikuwa na pesa za kununua hata nusu ya orodha. Akampigia muuzaji: "Ndugu yangu, nisaidie tena, mgao haujaingia." Yule muuzaji, kwa upole kabisa, akamsomea madeni ya mwaka uliopita. Kemikali zilifika baada ya mwenyekiti wa bodi kutoa pesa mfukoni mwake. Watahiniwa waliingia maabara bila kujua lolote, na hivyo ndivyo ilivyopaswa kuwa.

Wenye shule za kibinafsi nao huniambia: tunasomesha watoto wa Kenya, tupeni mgao. Huwaelekeza Uganda. Mwaka 2007, elimu ya sekondari kwa wote ilipoanza huko, shule za serikali hazikutosha, hivyo serikali ikaingia ubia na za kibinafsi na kuzilipa shilingi 47,000 za Uganda kwa kila mwanafunzi kwa muhula. Kuanzia 2018 ikaanza kujitoa. Shule ya serikali ikikosa mgao hubaki na walimu wanaolipwa na serikali na uwanja wa umma. Ya kibinafsi iliyozoea kulipiwa haina pa kuegemea. Sishauri mtu ajenge madarasa juu ya ahadi ya namna hiyo.

Kwa bodi ninazozishauri, bajeti tunaiandika kwa 16,900, na kila deni la muuzaji linaorodheshwa kwa tarehe. Kwa Hazina ninaomba tarakimu moja ya kweli, hata ikiwa ndogo, itangazwe kabla ya Januari na ifike shuleni kabla ya wiki ya pili ya muhula. Mwalimu mkuu anayejua atapata 16,900 anaweza kukaa na wazazi wakapanga. Aliyeahidiwa 22,244 haruhusiwi hata kuwaeleza kwamba kuna pengo, kwa maana kwenye karatasi halipo.