Pawa stesheni ya kambini: hesabu yuniti kwanza, wati baadaye

Mteja akiingia dukani kununua pawa stesheni, yaani boksi la betri la kubebeka lenye soketi zake, swali lake la kwanza huwa: "Fundi, hii ina wati ngapi?" Muuzaji anajibu bila kusita: 2,000. Hajadanganya, ila jibu hilo halikuambii kama friji yako itaiona asubuhi. Wati zinaeleza mashine inasukuma mzigo mkubwa kiasi gani kwa wakati mmoja. Kilichomo ndani ya betri kinapimwa kwa wati-saa, na hapo Mtanzania hahitaji darasa, maana anakinunua kila siku: wati-saa 1,000 ni yuniti moja ya LUKU. Lile boksi la kilo kumi na kitu, lenye skrini na taa za kupendeza, limebeba yuniti moja.

Nafunga sola na kuandaa umeme wa magari ya safari hapa Arusha. Karibu kila kambi, hesabu inaanzia kwenye friji. Friji ya kompresa ya volti 12, ile ya lita 40 hadi 50, inakula kama wati 45 kompresa inapofanya kazi. Haifanyi kazi muda wote, lakini kwa joto la Tarangire mwezi wa kumi, na wageni wanaoifungua kila mara kutafuta maji ya baridi, ipigie saa kumi kwa siku: wati-saa 450. Taa mbili za LED, 50. Simu nne, 80. Kamera na laptopu, 100. Jumla 680 kwa siku. Betri ya 1,000 haimalizi siku mbili bila kuchajiwa, tena huzipati zote 1,000, kwa sababu ukipitia soketi ya volti 230 sehemu ya kumi au zaidi inapotelea ndani ya inveta, kile kifaa cha ndani kinachogeuza umeme wa betri kuwa wa volti 230.

Inveta hiyohiyo inakula hata ukiwa hujachomeka kitu. Kwa mashine nyingi za ukubwa huu ni kama wati 10. Zidisha kwa saa 24 upate 240, karibu robo ya betri imeliwa na swichi iliyosahauliwa. Kwa hiyo friji iende kwenye tundu la volti 12, simu kwenye USB, na soketi ya 230 iwashwe kukiwa na kazi, kisha izimwe.

Tundu la volti 12 nalo lina mtego wake. Mashine nyingi hujizima zikiona mzigo umekuwa mdogo kwa muda fulani. Friji ikishapoa kompresa inasimama, mashine inadhani kazi imeisha, inakata. Joto likipanda, kompresa inataka kuwaka na umeme haupo. Mpishi anaamka saa kumi na moja alfajiri anakuta nyama inachuruzika maji. Huwa naletewa kesi kama hizo, mtu akiapa betri imekufa, na skrini inasoma asilimia 70. Kabla hujalipa, fungua menyu au programu yake ya simu uone kama huko kujizima kunaweza kuondolewa. Kama hakuondoleki, mashine hiyo si ya friji.

Birika la umeme liache nyumbani. Kuchemsha lita moja na nusu kunameza wati-saa 150 na ushee, na birika la wati 2,000 litaiangusha inveta ya wati 1,000 papo hapo. Mtungi wa gesi wa kilo 6 una joto la zaidi ya yuniti 70. Hakuna betri ya kubeba mkononi inayogusa hapo.

Ukiwa Kariakoo, inyanyue mashine. Nasema kweli. Betri ya LFP, yaani lithiamu ya chuma na fosfeti, ya wati-saa 1,000 haiwezi kuwa na kilo nne. Iliyokamilika huwa kilo 10 hadi 14 hivi. Nyepesi kupita kiasi ina namba za uongo. Na ukiona boksi linatamba kwa mAh 270,000, zidisha kwa volti 3.7 na ugawe kwa 1,000: inabaki 999, ile yuniti yetu moja tena. Mimi nachagua LFP kila inapowezekana. Ni nzito kuliko lithiamu za aina nyingine, lakini inahimili mizunguko 3,000 na zaidi ya kuchaji, ambapo nyingine nyingi huanza kuchoka baada ya mizunguko 500 hadi 1,000.

Kuhusu kuchaji, watu wanakimbilia paneli. Paneli mbili za wati 100 zikilazwa kwenye jua safi zinaweza kuleta wati-saa 700 kwa siku, sawa, lakini safari si kukaa mahali pamoja. Gari liko barabarani mchana kutwa, na likisimama dereva analitafutia kivuli cha mgunga. Tundu la gari linatoa takriban wati 100. Saa sita za kuzunguka Serengeti ni karibu 600, hakuna paneli ya kutandika wala kukunja. Hakikisha tu fyuzi na waya wake vinahimili ampia 10 kwa masaa.

Ndugu wa Marekani akikutumia mashine moja kwa meli, angalia isije ikawa ya volti 120. Wageni nao wasijisumbue kuja nayo, kwa kuwa ndege za abiria hazipokei betri ya lithiamu inayozidi wati-saa 160. Kwa Kilimanjaro nawashauri ndogo kabisa. Kikomo cha mzigo wa mpagazi ni kilo 20 na yuniti moja inamaliza zaidi ya nusu. Isitoshe, kambi ya Barafu, juu ya mita 4,600, usiku hushuka chini ya sifuri, na LFP haitakiwi kuchajiwa kwenye baridi hiyo. Zilizo nzuri hukataa zenyewe.

Masika ikifika na magari yakapaki, usiihifadhi ikiwa tupu wala imejaa. Iache kwenye asilimia 50 au 60, mahali pakavu, na uiangalie kila baada ya miezi mitatu.