Kwa Nini Bei Husonga Kabla Benki Kuu Haijatangaza Riba

Kila baada ya miezi miwili, Kamati ya Sera ya Fedha ya Benki Kuu ya Kenya hutangaza kiwango chake cha riba. Wengi huisubiri tarakimu hiyo, ilhali mara nyingi soko limeshaikisia na kuiingiza kwenye bei za hati fungani (hati za mkopo ambao wawekezaji huipa serikali) na za sarafu. Kinachotikisa bei ni tofauti kati ya kilichotarajiwa na kilichotangazwa.

Ndiyo maana gavana wa benki hiyo huchunguzwa sana. Uamuzi ni wa kamati, lakini yeye ndiye mwenyekiti, na wawekezaji hupima maneno yake ili kukisia hatua inayofuata. Kamau Thugge alipochukua usukani kutoka kwa Patrick Njoroge Juni 2023, kabla ya mwezi huo kwisha kamati ilipandisha riba kutoka asilimia 9.5 hadi 10.5. Desemba ikafika 12.5, na Februari 2024 ikafika 13. Shilingi, ambayo Januari ilikuwa imevuka 160 kwa dola, ikaanza kupata nguvu. Tusiipe riba sifa zote: Februari hiyo serikali ilikopa dola bilioni 1.5 katika soko la kimataifa, na hofu kwamba Kenya ingeshindwa kulipa deni lililoiva Juni ikapungua.

Katika mafunzo tunayowapa wanachama wa sacco hapa Nairobi, swali linalowasumbua wengi ni hili: riba ikishuka, kwa nini hati fungani ya zamani ipande bei? Chukua hati itakayokulipa shilingi 118 baada ya mwaka mmoja, uliyoinunua kwa 100. Wanunuzi wakiridhika sasa na faida ya asilimia 13, watakuwa tayari kukupa takriban shilingi 104.40 leo. Riba ikipanda, hesabu inageuka, na anayelazimika kuuza mapema anapata hasara. Anayeishikilia hadi iive atalipwa kama ilivyoahidiwa. Nasisitiza jambo hili kwa sababu akiba nyingi za uzeeni zimewekwa kwenye hati hizo.

Kuanzia Agosti 2024 kamati ilianza kuteremsha riba hatua kwa hatua, na Juni 2025 ikafika asilimia 9.75. Waliozinunua hati za muda mrefu mapema, wakitarajia mteremko huo, walifaidi kuliko waliongoja utekelezwe. Wakopaji wa benki nao walisubiri zaidi, kwani riba za mikopo hushuka polepole kuliko ile ya Benki Kuu.

Kwa hiyo, siku ya tangazo, usiishie kwenye tarakimu. Soma taarifa nzima ya kamati: inasemaje kuhusu mfumuko wa bei, ambao serikali inalenga ubaki kati ya asilimia 2.5 na 7.5? Inaionaje shilingi? Kisha ilinganishe na taarifa ya kikao kilichotangulia, uone ni maneno gani yameondolewa na yapi yameongezwa.